Fedha ya Kujaribu Ndiyo Inayokosekana

Jiko la kuni linaloitwa Kuniokoa huundwa Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, katika kiwanda cha kampuni ya BURN. Jina lake ni la Kiswahili, soko lake ni la vijijini, na kazi yake ni kupika kwa kuni chache na moshi kidogo kuliko mafiga matatu. Anayeliona dukani ana haki ya kudhani kwamba limegharimiwa na Hazina ya Kenya, au na mfadhili fulani wa maendeleo. Kumbe sehemu ya utafiti wake, ule wa kupima hewa inavyoingia, mwale unavyopanda na masizi yanavyozaliwa, ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle kwa ruzuku ya dola 900,000 kutoka Wizara ya Nishati ya Marekani. Mlipa kodi wa Marekani ndiye aliyelipia majaribio ya moto unaoivisha githeri.

Hakuna ubaya hapo. Jiko jema ni jema hata likisomewa ughaibuni. Swali linalopaswa kuwaumiza kichwa wapanga bajeti wetu ni jingine: fundi wa Buguruni au Kariobangi mwenye wazo zuri kama hilo angeipata wapi fedha ya kuchoma kuni siku nzima, kupima, kukosea, kubomoa na kuunda upya, kabla hajauza jiko hata moja?

Benki haiwezi kumpa, na haifai kulaumiwa. Fedha ya benki ni akiba za watu, na mkopo unataka dhamana na marejesho ya kila mwezi. Kifaa ambacho bado kinapasuka kila kikipata moto hakirejeshi kitu mwisho wa mwezi. Mwekezaji anayenunua hisa katika kampuni changa naye anataka aone kwanza kitu kinachofanya kazi. Shirika la misaada linataka orodha ya walengwa waliofikiwa, na mtu aliye katika majaribio hajamfikia yeyote. Kila mlango una sababu yake, na zote ni za haki, ila mwisho wa siku fundi amebaki nje ya milango yote mitatu. Hapo ndipo serikali ina kazi ambayo hakuna mwingine ataifanya.

Marekani yenyewe iliiona kazi hiyo zamani. Mwaka 1977 ofisa wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, Roland Tibbetts, alianzisha utaratibu wa majaribio wa kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti kwa hatua. Julai 1982 Rais Ronald Reagan alisaini sheria iliyoutandaza utaratibu huo serikalini. Unajulikana kwa kifupi cha SBIR, na nguvu yake yote imo katika neno moja la kisheria: lazima. Kila wizara au wakala anayetumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka katika utafiti unaofanywa nje ya ofisi zake lazima atenge sehemu kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Mwanzoni sehemu hiyo haikufika asilimia 1. Tangu mwaka 2017 ni asilimia 3.2. Wizara na wakala 11 wamebanwa na sharti hilo, ikiwemo Wizara ya Nishati na Wakala wa Ulinzi wa Mazingira, EPA.

Fedha yenyewe hutoka kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ndogo, takriban dola 100,000 kwa EPA na dola 200,000 au zaidi kidogo kwa Wizara ya Nishati, ili kampuni ithibitishe kwamba wazo lake linafanya kazi. Atakayefaulu anaruhusiwa kuomba ngazi ya pili, yenye fedha nyingi zaidi, aunde kifaa kamili. Ngazi ya tatu haina ruzuku kabisa: kampuni inaingia sokoni kwa miguu yake, au inaiuzia serikali yenyewe. Serikali haichukui hisa wala haidai mgao wa faida, na haki za uvumbuzi hubaki kwa aliyevumbua. Ambaye wazo lake limegoma harejeshi fedha, mradi ameifanya kazi aliyoahidi na kuandika ripoti ya alichokiona.

Msomaji mwenye mashaka atauliza kama fedha hizo zinazaa kitu, au zinalea tu watu hodari wa kujaza fomu. Sabrina Howell, mchumi wa Chuo Kikuu cha New York, aliuliza hivyohivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na jarida la American Economic Review, alipekua maombi yaliyopelekwa Wizara ya Nishati kati ya mwaka 1983 na 2013. Kwa kuwa wizara ilikuwa ikiyapanga maombi kwa alama, aliweza kulinganisha kampuni zilizopata ruzuku kwa kuponea chupuchupu na zile zilizoikosa kwa alama kidogo tu, ambazo kwa hali ya kawaida hazikuwa na tofauti kubwa ya ubora. Alikuta kwamba ruzuku ya kwanza, ya kama dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mwekezaji baadaye, kutoka asilimia 10 hadi 19. Hataza ziliongezeka, na mapato pia.

Kuna mambo mawili katika kazi yake yanayostahili kusomwa polepole. La kwanza, ruzuku ya ngazi ya pili, iliyokuwa kubwa mara kadhaa, haikuonyesha tofauti ya maana katika kuvutia wawekezaji. La pili ni sababu ya ile ndogo kufanya kazi. Mtu angedhani kwamba wawekezaji waliufuata mhuri wa serikali. Ushahidi wa Howell unaelekea kwingine: fedha ilisaidia kwa sababu kampuni iliweza kuunda kifaa cha majaribio na kukionyesha, na waliofaidika zaidi walikuwa wachanga, wasio na hataza wala mtaji. Cheti bila fedha ya kujaribia kisingewafikisha mbali. Washindi wetu wa mashindano ya ubunifu, ambao wana vyeti vilivyowekwa katika fremu, wanalijua hilo kuliko mtafiti yeyote.

Kisa cha kampuni ya betri ya A123 Systems, iliyochipuka katika chuo cha MIT, kinaonyesha pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipewa dola 100,000 za SBIR na Wizara ya Nishati, na kwa msukumo huo betri zake za lithiamu zikatoka maabara zikaingia katika zana za umeme za mafundi. Mwaka 2009, serikali ya Marekani ilipokuwa ikimwaga fedha za kufufua uchumi, kampuni hiyohiyo ilipewa dola milioni 249 za kujenga viwanda huko Michigan kwa ajili ya magari ya umeme ambayo wanunuzi walikuwa bado hawajayachangamkia. Oktoba 2012 ilifilisika, na mali zake nyingi zikanunuliwa na kampuni ya Wanxiang ya China. Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya sola ya Solyndra ilikuwa imeanguka na mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali, na wanasiasa wakalitumia jina lake kama rungu kwa miaka.

Wapinzani wa ruzuku hupenda kuitaja Solyndra. Wana haki, ila wanataja fedha nyingine. Anguko la dola 100,000 ni ripoti moja katika kabati. Anguko la dola milioni 535 ni kashfa. Serikali inayotoa vipande vidogo kwa wengi inaweza kukosea mara nyingi na bado ikabaki na faida, lakini iliyobeba kampuni moja mgongoni haina nafasi hata ya kukosea mara moja.

Wala SBIR si kitu cha kuabudiwa. Zipo kampuni za huko zilizogeuza maombi ya ruzuku kuwa ndiyo biashara yenyewe: zinashinda mwaka hadi mwaka na haziuzi kitu. Na kwa kuwa sheria hiyo ina ukomo wa muda, tarehe 30 Septemba 2025 idhini yake ilimalizika kabla Bunge la Marekani halijakubaliana kuihuisha, na kampuni zilizokuwa zikisubiri mwito mpya wa maombi zikabaki zimeshika tama.

Turudi kwetu, maana Afrika Mashariki ina mfano wake, na ni mzuri kuliko tunavyoukumbuka. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Miaka hiyohiyo Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, ilianza mradi wa kutafuta jiko la mkaa lisilokula mkaa mwingi. Wakenya walikwenda Thailand, wakaona jiko la ndoo lenye udongo ndani, wakarudi na wazo. Maxwell Kinyanjui na wenzake wakalifanyia kazi. Shirika la KENGO likasaidia mafunzo na uenezaji. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakafunzwa kukunja bati, na wafinyanzi wakafunzwa kuchoma chungu cha udongo kinachokaa ndani ya bati. Majiko ya kwanza yalipasuka. Mengine yaliyumba ugali uliposongwa. Akina mama waliyatumia, wakasema ubovu wake, na umbo likabadilishwa likawa lile la kiuno chembamba tunalolijua leo.

Jambo la kuzingatia ni pale ilipowekwa fedha ya umma. Haikushusha bei dukani. Ililipia usanifu, majaribio, mafunzo na maonyesho, kisha ikakaa pembeni. Hakukuwa na hataza, hivyo kila fundi aliyeweza kuliiga aliliiga. Bei iliyoanza kwenye dola 15 hivi ilishuka hadi dola chache kwa sababu ya ushindani, jiko likaingia katika mamia ya maelfu ya nyumba, na muundo wake ukavuka mpaka kwenda Tanzania, Uganda na kwingineko. Kasoro ilikuwepo: baada ya mradi kuondoka hakubaki mtu wa kukagua ubora, na soko likapata pia majiko ya udongo mbichi yaliyopasuka kabla ya mwezi kuisha. Hata hivyo, kwa kila shilingi ya umma iliyotumika, ni vigumu kutaja mradi wa nishati katika ukanda huu uliorudisha zaidi.

Sasa hebu tutazame fedha inavyotumika Tanzania. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo kubwa, na si la maneno matupu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesimamia uuzaji wa mitungi ya gesi zaidi ya laki nne kwa nusu bei, na unasambaza majiko banifu kwa ruzuku. Mama wa Namtumbo aliyepata mtungi kwa nusu bei amepata kitu cha kweli, na hakuna haja ya kumsimanga mtu kwa hilo.

Ila ruzuku ya mtungi inaishia kwa mlaji na kwa kampuni kubwa inayojaza gesi iliyoletwa kwa meli. Haimgusi kijana anayetengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mbao na vifuu vya nazi. Matatizo ya kijana huyo yanajulikana na kila aliye katika kazi hiyo: tanuri la kuunguzia mabaki linatoa moshi kuliko mkaa unaokusudiwa kuzuiwa, mashine ya kukandamiza inakwama, mvua za masika zikianza vipande havikauki, gundi ya muhogo ikizidi, mkaa hauwaki, ikipungua unamung'unyika ndani ya gunia. Juu ya hayo, bila vipimo vya maabara na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, hakuna shule wala supamaketi itakayomsikiliza. Kila moja ya matatizo hayo lina jibu la kiufundi, na kila jibu linahitaji wiki kadhaa za majaribio na fedha ambayo haitarudi. Wakati huohuo STAMICO, shirika la umma, limeingia sokoni na Rafiki Briquettes zinazotokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Limefanya vizuri kuthubutu. Lakini shirika la serikali linaweza kukosea kwa fedha ya serikali, na mjasiriamali wa Mbagala hawezi.

Atakayesema kwamba yapo mapato ya halmashauri, ile asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, akumbuke kwamba hiyo ni mikopo. Haina riba, lakini hurejeshwa. Kikundi kinachokopa ili kufuga kuku kinajua kuku huuzwa vipi. Kikundi kinachokopa ili kujua kama mtambo wa gesi ya taka za soko utafanya kazi kinakopa ili kujibu swali, na jibu likiwa hapana, deni liko palepale. Matokeo yake ni kwamba wenye busara hawajaribu.

Vyombo vya kugharamia majaribio tunavyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ina mfuko wa sayansi na teknolojia. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973, na lile la utafiti wa viwanda, TIRDO, lina maabara. Tangu 2019 mashindano ya MAKISATU huwaibua wabunifu kila yanapofanyika, na neno kubiasharisha limekuwa wimbo wa kila hotuba. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda mfuko unaopata fedha kutokana na tozo za umeme na mafuta, tozo ambazo kila anayenunua luku au kupanda daladala amekwisha kuzilipa. Kinachokosekana ni lile neno la Wamarekani la mwaka 1982: lazima. Fungu la wabunifu wadogo likiachwa kwa hisani ya bajeti, ndilo la kwanza kukatwa mwaka ukiwa mgumu.

Basi sheria iseme kwamba sehemu ndogo ya mfuko huo wa nishati vijijini, tuseme asilimia 2 au 3, itatengwa kila mwaka kwa ajili ya majaribio ya kampuni na vikundi vidogo vya hapa nchini katika nishati safi na udhibiti wa taka. Ngazi ya kwanza iwe ya shilingi milioni 20 au 40, iende kwa wengi, na sehemu yake ilipwe moja kwa moja kwa maabara itakayopima ili isigeuke posho. Fomu iwe ya Kiswahili na kurasa zake zisizidi nne, maana fundi anayejua kulehemu hapaswi kushindwa na msomi anayejua tu kuandika andiko la mradi. Anayepewa mara mbili bila kuuza chochote asirudi tena kupanga foleni. Na katika jopo la kuamua, pamoja na wahandisi na wahasibu, akae mama lishe mmoja anayepika kwa ajili ya watu 200 kwa siku. Maswali yake yataokoa fedha nyingi.

Hofu ya rushwa ni ya kweli. Dawa yake ni mwanga: majina ya waliopewa, kiasi, na matokeo, yakiwemo ya walioshindwa, yawekwe hadharani kila mwaka. Ripoti ya mtambo uliogoma ina thamani yake, kwani inamwokolea mwingine wa Kigoma au Pemba mwaka mzima wa kurudia kosa lilelile.

Kuna jambo lingine ambalo ruzuku peke yake haiwezi kulitibu. Mwaka 2020 Serikali ya Tanzania iliwaagiza wenye gridi ndogo binafsi vijijini, baadhi yao wakiwa wamejenga mitambo ya sola kwa msaada wa ruzuku, washushe bei hadi kulingana na ya TANESCO vijijini, shilingi 100 kwa uniti. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu, kwa kuwa bei za awali zilikuwa za kuumiza. Lakini hakuna aliyefidia tofauti kati ya bei hiyo na gharama halisi ya kuzalisha umeme kijijini kwa sola na betri. Fedha ya umma ilijenga mitambo, agizo la umma likaondoa hesabu iliyoifanya isimame. Mwekezaji mdogo anayetazama mambo hayo hatarudi kwa sababu ya milioni 40.

Serikali ina nguvu nyingine iliyo bora kuliko ruzuku, nayo ni kununua. Imezitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziachane na kuni na mkaa. Shule za bweni, magereza, vyuo na kambi ni soko ambalo kampuni changa yoyote duniani ingelionea wivu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka asilimia 30 ya zabuni iende kwa makundi maalumu. Mkaa mbadala, majiko ya taasisi na mitambo ya biogesi vingeweza kuwa humo, kwa mikataba ya miaka mitatu badala ya oda ya mara moja, ili aliyefaulu majaribio awe na kitu cha kumwonyesha meneja wa benki. Hapo mkopo unakuwa na maana.

Wizara ya Nishati hupeleka makadirio yake bungeni Dodoma kila mwaka kabla ya Julai. Mbunge yeyote, wa chama chochote, anaweza kusimama na kuuliza: katika fedha zote za nishati safi mwaka huu, ni shilingi ngapi zitalipia majaribio ya mafundi na kampuni ndogo za Kitanzania, na zitagawanywa kwa wangapi? Waziri ajibu kwa tarakimu, na jibu liingie katika kumbukumbu rasmi za Bunge ili mwakani aulizwe tena.